Neno "Kuokoa" katika Habari ya Hezekia na Rabshake

Habari ya Yerusalemu kuhusuriwa na majeshi ya Ashuru zamani za mfalme Hezekia imeandikwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 18 na wa 19, tena katika Isaya, mlango wa 36 na wa 37. Ni miongoni mwa habari za kale zisimuliwazo mara nyingi mno. Desturi ya wasimulizi ni hii: huanza na ukubwa wa jeshi, hupita upesi kwenye sala ya mfalme, kisha huwahi usiku ule ambao malaika aliwapiga watu 185,000 kambini, na hapo humwambia msikilizaji ya kuwa amtumainiye Mungu huokoka. Sisi twaona ya kuwa usimulizi wa namna hii waiharibu habari. Hauiharibu kwa kuongeza, bali kwa kuacha. Usiku ule wa malaika umepewa mstari mmoja tu. Hotuba ya mjumbe wa adui imepewa mistari 15 katika mlango wenye mistari 37. Mwandishi wa kale alijua alipotaka msomaji akae, nasi twapita hapo mbio kama watu waliochelewa chombo.

Tutaje kwanza mambo yenyewe kwa ufupi. Sargoni mfalme wa Ashuru alipokufa mwaka 705 kabla ya Kristo, wafalme wengi waliokuwa wakimlipa kodi waliasi, na Hezekia wa Yuda alikuwa mmoja wao. Senakeribu mwana wa Sargoni akashuka pande za magharibi mwaka 701. Hatutegemei maandiko ya Waebrania peke yao, maana Senakeribu mwenyewe aliandikisha vita vyake juu ya nguzo ndogo za udongo zenye pande sita. Mojawapo ilipatikana Ninawi mwaka 1830, na sasa imo London. Nyingine imo Chicago, na nyingine Yerusalemu. Humo mfalme ajisifu ya kuwa aliitwaa miji 46 ya Yuda yenye maboma, akawatoa watu 200,150, na Hezekia akamfungia katika mji wake mfano wa ndege aliyetiwa tunduni. Lakini hasemi ya kuwa aliingia Yerusalemu. Kwa mfalme aliyezoea kuhesabu kila lango alilolivunja, kunyamaza huko ni neno kubwa.

Sasa na tuitazame ile hotuba. Maafisa watatu wa Ashuru walisimama penye mfereji wa birika la juu, katika njia kuu ya uwanja wa dobi. Mahali hapa si pa bahati. Zamani za Ahazi, baba yake Hezekia, Isaya alitumwa kusimama papo hapo, naye akamwambia mfalme ya kuwa asiyeamini hatathibitika. Ahazi hakusikia, akaomba msaada kwa Ashuru. Miaka thelathini na zaidi imepita, na Ashuru mwenyewe amekuja kusimama pale pale. Mwandishi hasemi lolote juu ya hayo. Alitaja uwanja wa dobi tu, akamwachia msomaji akumbuke.

Msemaji wao ndiye Rabshake. Neno hili si jina la mtu, ni cheo: mkuu wa wanyweshaji wa mfalme. Akasema kwa sauti kuu, tena kwa lugha ya Kiyahudi. Eliakimu na Shebna na Yoa, wakubwa wa Hezekia, wakamsihi aseme nao kwa Kiaramu, kwa kuwa wao walikisikia, na watu waliokaa ukutani wasipate kufahamu. Jambo hili lawafaa sana wapendao kuchunguza lugha. Kiaramu kilikuwa lugha ya mabaraza na ya biashara kutoka Mto Frati hata bahari. Wajumbe wa falme zote walikitumia, kama vile zamani zetu Kiswahili kilivyotumiwa kutoka pwani hata maziwa makuu na watu ambao nyumbani kwao walisema lugha nyingine. Lugha ya baraza ni ya wakubwa, bali lugha ya nyumbani huingia moja kwa moja moyoni. Rabshake alilijua hilo. Akajibu kwa matusi ya ukali, ya kuwa hakutumwa kwa wakubwa peke yao, bali kwa hao wa ukutani, watakaokula na kunywa visivyolika wala kunyweka pamoja nao. Akapaza sauti zaidi, kwa Kiyahudi kile kile. Wenyeji wa pwani wazijuao tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, za siku za vita na Seyyid Said, hawatastaajabu kuona ya kuwa vita vya maneno hutangulia vya silaha, na ya kuwa maneno yaumayo ni yale yanayotamkwa kwa lugha ya mama.

Na maneno yenyewe yalikuwaje? Hapa ndipo wasimulizi wetu wanapokosea zaidi, kwa kumfanya Rabshake kuwa mpayukaji tu. Siye. Mambo mengi aliyoyasema ni ya kweli, na mengine nabii Isaya aliyasema kabla yake. Alisema ya kuwa Misri ni mwanzi uliopondeka, humchoma mkono aliyeuegemea. Isaya alikwisha kuwaonya watu wa Yuda wasishuke Misri kutafuta farasi. Alisema ya kuwa Bwana ndiye aliyemtuma kuiharibu nchi. Isaya alikwisha kuiita Ashuru fimbo ya hasira ya Mungu. Alisema ya kuwa Hezekia hana wapanda farasi, na ya kuwa hata akipewa farasi 2,000 hataweza kuwapandisha watu juu yao. Na kweli hakuwa nao. Kisha aliwaahidi watu ya kuwa kila mtu atakula mzabibu wake na mtini wake na kunywa maji ya kisima chake, hata atakapokuja kuwachukua kwenda nchi iliyo kama nchi yao. Mzabibu na mtini ndiyo picha ambayo Waebrania waliitumia kwa amani ya siku za Sulemani. Adui amejifunza hata ndoto za watu, na uhamisho ameutia katikati ya ndoto hiyo, kama sumu ndani ya asali.

Basi uongo wake u wapi? Twaona ya kuwa wapatikana katika maneno mawili, nayo yote mawili hupotea katika Kiswahili chetu, hata msomaji asiyaone. Kwa hiyo hatuna budi kuyafungua.

La kwanza ni neno la kutumaini, kwa Kiebrania batah. Mwandishi amelitumia mapema, katika mstari wa 5 wa mlango wa 18, alipomsifu Hezekia ya kuwa alimtumaini Bwana kuliko wafalme wote. Rabshake alipofumbua kinywa, neno la kwanza alilolikamata ni hilo hilo. Alirudia tena na tena: tumaini gani hili, wamtumaini nani, waitumaini Misri, mwamtumaini Mungu wenu. Katika hotuba yake na katika barua iliyofuata, neno hili na neno la uzao wake yapata mara tisa. Amelichukua sifa ya mfalme, amelifanya dhihaka. Sasa, Kiswahili chetu kina maneno mawili yaliyotoka Kiarabu, kutumaini na kuamini, na lugha ya Kiarabu na ya Kiebrania ni ndugu. Kuamini ni shina moja na neno la Isaya pale uwanja wa dobi, ndilo shina la "amina": ni kuwa imara, kuwa kama kitu kishikacho. Kutumaini, kwa Kiarabu, ni moyo kutulia. Na batah ya Kiebrania nayo yaweza kuwa utulivu wa moyo tu, wenye sababu au usio na sababu. Katika Waamuzi, mlango wa 18, watu wa Laishi walikaa wametulia na wametumaini, ni neno lile lile, kisha Wadani wakawaangukia wakawaua kwa upanga. Na mwandishi aongeza ya kuwa hapakuwa na mwokoaji. Basi swali la Rabshake si la kipumbavu. Watu waliweza kutumaini vizuri kabisa na kufa.

Neno la pili ni kuokoa. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ambayo wengi wetu twaisoma hata leo, Rabshake asema "kuokoa" na Hezekia asema "kuokoa", nasi twadhani wanabishana juu ya jambo moja. Kiebrania hakisemi hivyo. Neno la Rabshake ni hitsil. Maana yake ni kupokonya, kuopoa, kutoa kitu mkononi mwa mwingine kwa nguvu. Amosi alilitumia kwa mchungaji aopoaye kinywani mwa simba miguu miwili ya kondoo au kipande cha sikio. Ni neno la mikono miwili inayovutana. Kwa hiyo Rabshake alisema daima juu ya mkono: ni nani awezaye kuopoa katika mkono wangu? Miungu ya Hamathi na ya Arpadi iko wapi? Je, iliuopoa Samaria mkononi mwangu? Kwake yeye mbingu nzima ni uwanja wa kuvutana, na Mungu wa Yuda ni mmoja wa wavutaji, tena mdogo.

Hezekia alipokwisha kuisoma ile barua, akapanda nyumbani mwa Bwana, akaikunjua mbele zake. Hata katika sala hakushindana. Akakiri ya kuwa wafalme wa Ashuru wameziharibu kweli nchi za mataifa na kuitupa miungu yao motoni. Kisha akaomba, wala hakusema hitsil. Alisema hoshia, pamoja na kiungo kidogo cha kusihi. Na maneno hayo mawili ndiyo asili ya neno "Hosana" ambalo kila mtoto wa Kanisa hulijua pasipo kujua lilikotoka. Hoshia ni neno la mwenye haja mbele ya mwenye enzi. Mwanamke wa Tekoa alimlilia Daudi kwa neno hilo. Mwanamke mwingine, katika njaa ya Samaria, alimlilia mfalme wa Israeli kwa neno hilo alipokuwa akipita juu ya ukuta. Naye mfalme akajibu ya kuwa asipomwokoa Bwana, yeye atamwokoa kwa nini? Basi Rabshake aliuliza nani mwenye mkono mrefu kuliko wangu. Hezekia akamwendea aliye Mfalme, akamwita kwa kilio cha raia aliyeonewa. Mkono wa adui aliutaja, maana wakati ule ulikuwa umemshika, lakini hakukubali kuufanya kipimo.

Twatamani watakaoirekebisha tafsiri siku zijazo waitenganishe jozi hii. Kwa hitsil, "kuopoa mkononi" lafaa, tena lina ukali wake. Kwa hoshia tunalo "kunusuru", neno ambalo watu wa pwani hulitoa kinywani penye hatari pasipo kufikiri: Mungu atunusuru! Wako watakaosema ya kuwa ni Kiarabu mno. Karl Roehl, aliyetoa Biblia yake mwaka 1937, alijitahidi sana kuyaepuka maneno ya asili ya Kiarabu na kutafuta ya Kibantu, na juhudi yake ina sifa. Lakini neno likikwisha kuwa kilio cha mama kwa mtoto wake, halina tena nchi nyingine ya kurudi.

Liko neno la tatu, dogo sana, ambalo wasimulizi huliruka wote. Hezekia alipotuma watu kwa Isaya, ujumbe wake haukuwa wa kishujaa. Alisema ya kuwa watoto wamefika mlangoni mwa kuzaliwa, na nguvu za kuwazaa hakuna; kisha akasema yamkini Bwana atayasikia maneno ya Rabshake. Yamkini! Katika habari hii yote mwenye yakini ni Rabshake. Yeye ana hesabu, ana orodha ya miji, ana farasi wa kugawa. Mtu ambaye mwandishi amemsifu kuliko wafalme wote kwa kutumaini kwake asema yamkini, na watu wake ukutani hawasemi neno, kwa kuwa mfalme aliwaamuru wasijibu. Msimulizi alifanyaye tumaini kuwa hakika ya mambo yatakayotokea amempa Hezekia sauti ya Rabshake.

Wataalamu wameichambua habari hii kwa muda mrefu. Bernhard Stade, mwaka 1886, alionyesha ya kuwa zimeunganishwa humo habari zaidi ya moja, na Brevard Childs akalirudia jambo hilo kwa utulivu zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1967. Hatutaingia katika mabishano yao, ila kwa kipande kimoja. Katika Wafalme, mlango wa 18, mistari ya 14 hata 16, Hezekia amtumia Senakeribu ujumbe huko Lakishi, akiri kosa lake, na kutozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Nguzo za Ashuru zasema talanta 800 za fedha, ila dhahabu ni 30 zile zile. Kitabu cha Isaya kimekiacha kipande hiki kabisa, na Kitabu cha Mambo ya Nyakati kimekiacha vilevile. Ni rahisi kufahamu kwa nini. Mwandishi wa Wafalme hakukiacha. Ameandika tena ya kuwa Hezekia aliibandua dhahabu ya milango ya hekalu na ya mihimili ambayo yeye mwenyewe aliifunika. Neno la mihimili hapo ni omenoth, nalo ni la shina lile lile la kuamini na la amina. Hatusemi ya kuwa mwandishi alikusudia fumbo. Labda ni neno la mafundi tu. Lakini msomaji wa Kiebrania hawezi kutolisikia: mfalme mwaminifu aivua nguo mihimili ya nyumba ya Mungu ili amlipe adui, na adui apokea, kisha aja vile vile.

Kuacha kwa pili ni kukubwa zaidi, nako kwatuhuzunisha. Ni kuacha miji 46. Katika jumba lake la Ninawi Senakeribu alikuwa na chumba ambacho kuta zake zilichongwa picha za kutwaliwa kwa Lakishi. Layard aliichimbua katika miaka ya 1840, na mawe hayo yamo London. Ngazi ya udongo yapanda ukutani, na magari ya kubomolea juu yake. Watu wa mjini watupa mienge. Na chini, langoni, watoka wanawake na watoto na magari ya ng'ombe yenye mizigo, na wanaume wengine wachunwa ngozi wakiwa hai. Wachimbaji wameliona boma hilo penyewe, kwanza katika miaka ya 1932 hata 1938, tena tangu mwaka 1973, na ile ngazi ya kuhusuru ingalipo kando ya kilima. Watu hao walikuwa Wayuda. Mungu wao alikuwa ni yeye yule, na mfalme wao ni yeye yule aliyeomba. Mwenye kufundisha ya kuwa Yerusalemu uliokoka kwa sababu ya imani, na akakomea hapo, amekwisha kutoa hukumu juu ya Lakishi pasipo kuutaja. Na mama aliyemzika mtoto wake baada ya kumwombea usiku kucha, akiisikia habari hiyo namna hiyo, ataelewa ya kuwa yu upande wa Lakishi, na ya kuwa kosa ni la sala yake.

Maandiko yenyewe hayakuwasahau. Mika alikuwa mtu wa Moreshethi, kijiji cha nchi ya vilima vya chini, jirani na Lakishi. Katika mlango wake wa kwanza aitaja miji ya pande zile mmoja mmoja kwa kuchezea majina yake, Lakishi ukiwamo, na asema atalia na kutembea uchi kwa ajili yao. Katika mlango wa tatu asema ya kuwa Sayuni nao utalimwa kama shamba. Isaya wa mjini na Mika wa shamba waliishi zamani moja, chini ya mfalme mmoja, na waliokusanya vitabu hawakumchagua mmoja wakamtupa mwingine. Wasimulizi wetu wamemchagua Isaya.

Maneno ya Mika yalikaa kama miaka mia. Wakati huo watu wa Yerusalemu walikuwa wamejifunza kutokana na usiku wa Senakeribu ya kuwa mji wao hauwezi kutwaliwa kamwe. Yeremia aliposimama uani mwa hekalu mwanzo wa kumiliki kwake Yehoyakimu, mwaka 609 au baada yake kidogo, akasema ya kuwa nyumba ile itakuwa kama Shilo, makuhani na manabii walitaka auawe. Ndipo baadhi ya wazee wa nchi wakasimama, wakamkumbusha kila mtu ya kuwa Mika alisema vivyo hivyo siku za Hezekia, na Hezekia hakumwua, bali alimcha Bwana. Yeremia akapona kwa neno la mtu wa Moreshethi. Mji haukupona, Wakaldayo waliuteketeza katika mwaka wa 587 au 586. Katika mlango huo huo, wa 26, imeandikwa habari ya nabii mwingine, Uria mwana wa Shemaya, aliyetabiri maneno yale yale kama Yeremia. Akakimbilia Misri, akarudishwa, mfalme akamwua kwa upanga, na maiti yake ikatupwa makaburini mwa watu wasio na cheo. Mwandishi hasemi ya kuwa Uria alipungukiwa na imani, wala hatoi sababu nyingine. Mstari unaofuata wasema tu ya kuwa mkono wa Ahikamu mwana wa Shafani ulikuwa pamoja na Yeremia, asitiwe mikononi mwa watu wamwue.